Ridhaa za Mdomo Mmoja

Sauti ya kumi na tisa ndiyo iliyomfanya Nyamizi Kapela avue visikizio na kuvifuta kwa pindo la khanga, kana kwamba kosa lilikuwa la visikizio. Akavivaa tena, akairudisha sauti nyuma.

"Mimi Tausi binti Lugusha wa Usinge, nimeridhia kumbukumbu ya uzazi wangu itunzwe na itumike katika nyumba hii."

Hakuna neno lililopungua. Jina lilikuwapo, tarehe ilikuwapo, na maneno yalikuwa yaleyale yanayotakiwa na sheria. Lakini katika Tausi na katika Usinge hewa ilipita kwenye meno kwa mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Mluzi huo alikuwa ameusikia kwenye sauti ya kumi na sita. Kabla yake aliusikia kwenye ya tisa, ambayo iliandikwa kuwa ya mwanamke mwingine wa kijiji kingine, aliyejifungua miaka minne baadaye.

"Bwana Mhoja," aliita bila kugeuka. "Nipe nyingine mia."

Mhoja, mtunza data wa Nyumba ya Wazazi ya Mwakalundi, alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba cha seva amevaa sweta mbili, maana ubaridi wa mitambo haukujua kwamba nje ni Oktoba na lami inalainika.

"Mia, mama? Wenzako husikiliza kumi, wanakunywa chai, wanamaliza. Yule wa miaka saba iliyopita alisinzia hapo hapo ulipo, nikamfunika koti langu."

"Mimi sikuja kulala."

"Naona. Na hujacheka tangu asubuhi. Afadhali. Mkaguzi akinichekea huwa tumbo linanikata."

Nyamizi alikuwa amekwisha kuanza ya ishirini.

Kusikiliza ridhaa ilikuwa kazi ya masikio ya binadamu, mashine ilikatazwa. Ulipita mwaka mmoja mbaya ambapo data za wajawazito ziliibwa zikauzwa nchi za mbali, na wasichana wakaanza kunyimwa kazi kwa ajili ya mimba ambazo wenyewe walikuwa hawajazijua. Baada ya hapo ikaja Sheria ya Amana, nayo haikuja kwa upole. Mashine yoyote isilinganishe sauti ya mtu na sauti nyingine. Kila taasisi iorodheshe data zake zote kila baada ya miaka saba, na kila kumbukumbu iwe na ridhaa ya mwenyewe kwa kinywa chake. Isiyo na ridhaa inafutwa, haibaki hata nakala. Mkaguzi anaapa kwa kitabu chake, Nyamizi alikuwa ameapa kwa Biblia, kisha anakabidhiwa Muhuri.

Muhuri wenyewe ulikuwa juu ya meza, kisanduku cha chuma kinachokaribia ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Ulikuwa umefunguliwa saa nne asubuhi. Saa kumi kamili alasiri ungeuliza swali moja, na mkaguzi angejibu neno moja: safi, au kasoro. Akisema kasoro, kumbukumbu alizozitaja zinafutwa papo hapo. Asipojibu kitu, nyumba nzima inafutwa.

Alisikiliza kama anavyochambua mchele. Kwa kawaida jicho hutafuta kisichofanana na punje. Leo kilichomtisha ni jinsi punje zilivyofanana. Ilipofika saa saba na nusu, katika sauti mia na kumi na tisa alizozisikiliza, thelathini na nne zilikuwa na mluzi.

"Wanawake hawa thelathini na nne," alisema, "niambie wanaungana wapi."

Mhoja alibonyeza, akakuna kidevu. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Hawa hawakuhudhuria kliniki. Wote walifika wameshashikwa na uchungu, kwa pikipiki, kwa kubebwa."

"Wa namna hiyo mnao wangapi?"

"Katika elfu kumi na moja na ushei..." Alisoma mara mbili. "Elfu tatu mia mbili na sita."

Nyamizi alikumbuka kikombe cha uji alicholetewa saa mbili asubuhi, na muuguzi mzee mwenye mwanya aliyekishika kwa mikono miwili. *Sukari ipo ya kutosha, mwanangu, usione soni.*

"Niitie Sista Mbula."

* * *

Sista Mbula aliingia mikono ikiwa bado mibichi, hakukaa.

"Nina mtu wodini. Sema upesi, mwanangu."

Nyamizi alimchezea sauti ya Tausi, kisha ya mwingine, kisha ya mwingine tena. Mzee alisikiliza akitazama sakafu, kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe.

"Ni mimi," akasema.

"Zote?"

"Za waliokuja na uchungu. Zote."

Mhoja aliruka kitini. "Sista! Miaka yote hii unanitazama usoni!"

"Nyamaza wewe. Mama yako alipokuwa anakuzaa, alitaja jina lake?" Akamgeukia Nyamizi. "Nawe si mgeni wa huku, nakusikia unavyoongea. Mwanamke akishashikwa, hataji jina lake mpaka mtoto alie. Tunamwita mgeni. Akilitaja mwenyewe amewafungulia njia wasiomtakia mema. Wa kijijini, wa chuo kikuu, mke wa mchungaji, wote mdomo kimya. Na hiyo mashine ya wodini haifunguki mpaka isikie jina na ridhaa; jina namuuliza aliyemleta. Ningeiambia damu isubiri?"

"Ungemwomba aseme baadaye, akishajifungua."

"Baadaye ipi? Anashuka kitandani anapanda pikipiki. Kitanda chenyewe kinasubiriwa na wawili. Wewe uje siku moja ulinde zamu, ndipo uniambie habari za baadaye."

Nyamizi alimgeukia Mhoja. "Nikizitaja hizi kuwa kasoro, inakuwaje?"

Mhoja alivuta kiti karibu, akaongea taratibu kama anayemweleza mzazi.

"Mama, Mkunga, hii mashine yetu, haina akili ya kwake. Kila mzazi analala juu ya mkeka wenye vinasa, mkeka unashika joto lake, mapigo yake, mapigo ya mtoto, dakika kwa dakika. Hiyo ndiyo kumbukumbu. Anapokuja mwingine, Mkunga inamlinganisha na waliotangulia, inasema huyu yuko salama, huyu yuko hatarini. Sasa, waliohudhuria kliniki wengi wanazaa vizuri. Uzazi mgumu uko kwa hawa wa pikipiki. Hatari zote Mkunga ilijifunzia kwao."

"Kwa hiyo itakufa."

"Ingekufa ingekuwa nafuu, watu wangejua. Haitakufa. Itaendelea kuongea. Itasema salama."

Sista Mbula alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa imekwisha kukauka. "Kitanda cha nne kuna binti. Mapigo ya mtoto yanashuka, yanarudi, yanashuka, yanarudi. Ukitazama kwa macho hamna kitu. Mkunga imemweka wa kwanza kuingia kupasuliwa, daktari akitoka na aliyemo sasa. Daktari ni mmoja. Ikibadilisha neno atasogezwa mwisho, na huko mwisho hafiki. Mimi nikimwambia daktari ananiambia Sista pumzika. Yule anaamini kioo."

"Atatoka saa ngapi huyo daktari?"

"Saa kumi na nusu, Mungu akipenda."

Watatu wote waliutazama Muhuri. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini.

Nyamizi alikuwa na swali moja lililobaki, na aliliuliza kwa sababu kiapo kilimtaka aliulize. "Katika hao elfu tatu, kuna aliyekataa?"

Mzee alikunja pindo la aproni yake.

"Wawili," akasema. "Watatu. Waliofiwa."

"Ukafanyaje?"

"Niliwaambia nimefuta."

"Ulifuta?"

"Mwanangu, uzazi ulioshindikana ndio unaofundisha kuliko..."

"Nimekuuliza ulifuta?"

"Sikufuta."

Nyamizi alimgeukia kabisa. "Kabla ya hapa ulifanya kazi wapi?"

"Kigwambu. Zahanati ilipofungwa nilihamishiwa huku, na data za mikeka yake zikaletwa."

* * *

Za Kigwambu zilikuwa mia na tisini. Nyamizi hakuhitaji kuchambua. Aliandika mwezi na mwaka kwa kidole kimoja, akachomoa waya wa visikizio ili kila aliyemo asikie.

"Mimi Nyamizi binti Kapela wa Kigwambu, nimeridhia kumbukumbu ya uzazi wangu itunzwe na itumike katika nyumba hii."

Mluzi ulikuwa mdogo wakati huo. Mwenye mwanya alikuwa bado ana nguvu.

Mhoja aliangalia jina kwenye kioo, kisha akamtazama mkaguzi.

Ilikuwa imepita miaka ishirini na sita. Nyamizi alikuwa hakumbuki uso, maana uso ulifunikwa barakoa na yeye mwenyewe alikuwa amevuja damu mpaka taa zikawa mbili mbili. Alichokumbuka ni alichokisema, kwa sababu alikisema kwa nguvu za mwisho alizokuwa nazo. Futa. Asibaki kwenye mashine mtu ambaye hakubaki kwangu. Na mkono ukampapasa paji la uso, na sauti ikamwambia: Nimefuta, mwanangu, lala. Akalala. Kwa miaka ishirini na sita, katika yote aliyomlilia Mungu, hilo moja hakulililia, kwa kuwa aliamini limekwisha.

"Kumbe wewe ndiye binti wa Kapela," Sista Mbula alisema polepole.

"Usiniite."

Alisimama, akatoka, akafuata korido bila kumngoja mtu. Alitaka kukiona hicho kitanda cha nne, angalau ajue anamhukumu nani.

Binti alikuwa amelala ubavu, ameng'ata khanga, jasho limempaka shingo. Kwenye kioo juu ya kitanda kulikuwa na kistari kinachopanda na kushuka, na chini yake maandishi mekundu: HATARI. WA KWANZA. Chini zaidi, kwa herufi ndogo za watu wa data, Mkunga ilikuwa imeandika ilikotoa onyo lake: uzazi saba unaofanana. Mmoja ulikuwa wa kliniki. Sita ulikuwa wa wanawake wa pikipiki, na katika huo sita mmoja ulitoka Kigwambu.

Nyamizi hakutafuta kujua ni upi.

"Unaitwa nani, mama?" aliuliza.

Binti alimtazama kwa macho yaliyojaa, akabana midomo mpaka ikapauka. Kichwa kikatikisika: hapana. Maumivu yalipopita alinong'ona, "Mgeni. Niite mgeni tu." Kisha, akionyesha kioo kwa kidevu, "Mimi sijui kusoma hicho. Kinasemaje?"

"Kinasema uingie wa kwanza."

"Hakitabadilika?"

Nyamizi alimpangusa jasho. Hakuwa mtu wa kusema asichokijua.

* * *

Saa tisa na dakika arobaini alikuwa amerudi kitini. Sista Mbula alikuwa amesimama palepale ukutani, kama mtu aliyeambiwa asisogee.

Nyamizi aliinamisha kichwa akaomba, bila sauti. Aliomba kwa shida. Kusema safi ulikuwa uongo, tena uongo wa mkono juu ya Neno la Mungu, na tangu alipojua kusoma hakuwahi kuapa kwa uongo. Kusema kasoro ulikuwa ukweli, na ukweli huo ungemtoa binti wa kitanda cha nne mbele ya foleni, yeye na wengine asiowajua. Halafu kulikuwa na jambo la tatu aliloliona moyoni mwake, likamwogopesha kuliko yote: kwamba alitaka kusema kasoro. Si kwa ajili ya sheria. Alitaka kumwona mzee huyu akipoteza.

"Mama," Mhoja alisema kwa sauti ndogo. "Samahani. Wewe una kumbukumbu humu. Mwenye kumbukumbu haruhusiwi kuikagua nyumba. Si ndivyo inavyosema sheria? Basi wewe si mkaguzi. Ukaguzi wote ni bure, unarudiwa baada ya siku tisini."

"Kumbukumbu bila ridhaa ya mwenyewe si kumbukumbu. Ile ni sauti ya Sista. Kisheria mimi sina kitu humu, kwa hiyo mimi ni mkaguzi halali, na ninatakiwa kujibu."

"Lo." Mhoja alishuka mabega. Kisha yakapanda tena, taratibu. Alimtazama, na Nyamizi alijua wamefika wote mahali pamoja.

Ridhaa ya kuchelewa inakubalika mpaka dakika ukaguzi unapofungwa. Kifungu hicho alikuwa akikijua kwa moyo. Akisema sasa, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba kumbukumbu ile ni yake na ameridhia, inakuwa halali. Ikiwa halali, yeye si mkaguzi. Wasipokuwa na mkaguzi, hakuna kinachofutwa, na wanawake wale wana siku tisini za kutafutwa waseme wenyewe. Yeye atafutwa kwenye orodha ya wakaguzi, kwa kuwa asubuhi alitamka hana kitu katika nyumba hii, na Mamlaka haiulizi kama ulijua au hukujua. Hilo angelibeba.

Lakini ridhaa haikuwa ya kuigiza. Kama angeitamka moyo ukikataa, ungekuwa uongo uleule kwa mlango mwingine. Ilimpasa aridhie kweli: mapigo ya mwanawe, ya muda wa saa nne na dakika kumi mpaka yalipokoma, yakae humu, yafunguliwe na kulinganishwa kila binti anapolala kwenye mkeka.

"Bwana Mhoja. Kinachoonekana ni nini hasa? Wanamwona?"

"Hapana, mama. Hakuna picha, hakuna sura. Ni mstari tu. Mapigo yake."

"Mstari tu."

"Na mashine ikikutana na mstari unaofanana nao, inapiga kelele."

Saa ya ukutani ilionyesha dakika tatu zimebaki. Sista Mbula alikuwa ameanza kulia bila kujificha, na Nyamizi hakumtazama, maana alijua machozi yale yakimwingia ataamua kwa ajili ya yule mzee, naye hakutaka kuamua kwa ajili ya yule mzee.

Muhuri uliwaka. Sauti yake ilikuwa ya upole mno kwa kazi yake.

"Mkaguzi Nyamizi Kapela. Nyumba hii ni safi, au ina kasoro?"

"Ninatoa ridhaa ya kuchelewa," alisema.

"Taja namba ya kumbukumbu," Muhuri ukasema.

Alisoma namba kwenye kioo.

"Sema."

"Mimi Nyamizi binti Kapela wa Kigwambu." Aliishia hapo. Muhuri ulisubiri. Alifikiri habari za binti aliyeng'ata khanga, na habari za mtoto asiyejua kwamba kuna mstari unaomlilia. Akakohoa, akaanza upya, na safari hii hakuharakisha. "Mimi Nyamizi binti Kapela wa Kigwambu, nimeridhia kumbukumbu ya uzazi wangu itunzwe na itumike katika nyumba hii."

"Ridhaa imepokelewa. Mwenye kumbukumbu halali hawezi kuwa mkaguzi wa nyumba inayoitunza. Ukaguzi umebatilika. Utarudiwa baada ya siku tisini na mkaguzi mwingine. Leseni yako imesimamishwa. Ondoka katika chumba cha data."

Aliondoka.

* * *

Alikaa kwenye benchi la wanaosubiri, katikati ya wanawake wenye vikapu na chupa za chai. Saa kumi na dakika thelathini na tano kitanda cha nne kilipita kikisukumwa mbio, binti juu yake amefumba macho. Alikuwa bado mgeni, hajalitaja jina lake, na milango ikajifunga nyuma yake.

Kabla ya saa kumi na moja na nusu Mhoja alikuja akihema, sweta moja mkononi. "Wa kiume. Amelia mwenyewe, hakuchapwa. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mara mbili. Daktari anajisifu huko utadhani alizaa yeye."

"Na mama yake?"

"Yupo. Anaitwa Kalunde, amelitaja jina akiwa bado amelewa dawa, tena kwa kelele." Akaona Sista Mbula anakuja nyuma yake, akapata sababu ya kwenda zake.

Mzee alikaa kwenye ncha ya benchi, mbali kidogo. Alivua kofia yake ya uuguzi akaiweka mapajani.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Nimeridhia, Sista. Sijakusamehe. Ni mambo mawili."

"Ni haki yako."

"Una siku tisini. Utaanza na wale wawili wengine waliokataa kama mimi. Usiwatumie ujumbe. Utawaendea, utakaa mbele yao, utawaambia ulichofanya kabla hujawaomba kitu."

"Na wakisema futa?"

"Utafuta."

"Hata kama Mkunga..."

"Hata kama. Watakapokuwa wanakuambia nitakuwa nimeketi pembeni, na ukija huku kufuta nitakuwa nimesimama nyuma yako, mpaka nione kumefutwa."

"Huna Muhuri tena, mwanangu."

"Nina macho," Nyamizi alisema. "Wa kwanza anaitwa nani, na anakaa wapi?"

Mzee aliikunja kofia mapajani. Kisha akalitaja jina.